Dumu la mafuta ya ndege liwe na kazi moja tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wachache ambao kazi yao inagusa maisha ya wengi: wenye ndege ndogo, marubani wao, wenye kambi na mashamba yaliyo na viwanja vya changarawe, na zaidi ya hao wote, vijana wanaokabidhiwa dumu na kuambiwa, "Panda, mimina."

Mimi ni fundi mstaafu wa injini za ndege ndogo. Kazi yangu nimeifanyia hapa Dar es Salaam, upande wa Jengo la Kwanza pale uwanja wa Julius Nyerere, na sasa nipo nyumbani Ukonga. Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana wa jirani yangu. Amepata kazi katika kiwanja kimoja huko kusini. Kazi yenyewe ni kulinda, kufyeka nyasi, kufukuza ngiri njiani ndege inapokaribia, na ikitua na mafuta pungufu, kuiongezea kwa madumu. Alikuja kuniaga. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Babu, kwani hapo kwenye mafuta kuna cha kujua, au ni kumimina tu?"

Kipo cha kujua, tena kingi, na hakuna aliyemwambia hata kimoja. Waliomwajiri walimwonyesha panga la kufyekea na mahali madumu yalipo. Basi.

Sina ugomvi na dumu lenyewe. Ndege nyingi za injini ya pistoni, kama Cessna 172, 182 na 206, hutumia petroli maalumu ya ndege, avigasi, ambayo haipatikani kila mahali. Mwenye ndege hana budi kuipeleka kwa pipa la lita 200 au kwa madumu hadi inakohitajika. Ndivyo inavyofanyika hapa kwetu na ndivyo inavyofanyika Alaska na Australia. Shida ni kwamba mafuta ya ndege hulindwa kwa ukali toka yanaposhushwa bandarini: yanachujwa, yanaachwa yatulie, yanachukuliwa sampuli kila yanapobadilisha tenki, na boza linalokuja kuitilia ndege uwanjani lina filta yake na mtu wake anayelikagua asubuhi. Ulinzi wote huo unakoma mafuta yakishaingia kwenye dumu. Kuanzia hapo mlinzi ni yule aliyelishika mkononi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: dumu hilo jana lilibeba nini? Mara nyingi nimeyaona madumu ya njano ya lita 20, yale yaliyotoka na mafuta ya kula, yakinunuliwa kwa wauza madumu na kusafishwa vizuri kwa maji na sabuni ya unga. Anayefanya hivyo anaamini ametenda jema. Lakini mafuta ya kula hayatoki yote kwenye plastiki hata ukisugua mpaka jioni, na sabuni ni mbaya zaidi. Sabuni ikibaki kidogo tu, inayafanya maji yachanganyike na petroli katika vitone vidogo sana visivyotaka kuzama, na inaifanya filta ishindwe kuyazuia maji hayo. Dumu la mafuta ya ndege lisuuzwe kwa mafuta yale yale litakalobeba, kidogo, mara mbili, kisha hayo ya kusuuzia yawekwe kando. Na lisifanye kazi nyingine yoyote mpaka litupwe: lisichotewe maji hata siku bomba limekatika, wala lisipelekwe kununulia dizeli ya jenereta. Lipakwe rangi, liandikwe kwa herufi kubwa, lifungiwe stoo. Dumu la chuma, au lile lililotengenezwa mahususi kwa petroli, ndilo la kununua.

Sasa maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, na chini ndiko injini inakovuta. Watu hudhani maji huingia kwa sababu mtu kaacha kifuniko wazi. Pipa lililofungwa kwa nguvu zote, likisimamishwa nje, huingiza maji lenyewe. Jua likipiga, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kidogo kidogo kwenye nyuzi za kifuniko. Usiku pipa likipoa, hewa hujikunja, pipa linavuta. Kama mvua ilinyesha jioni na maji yametuama juu ya mfuniko, litakachovuta ni hayo maji. Masika yetu ya Machi hadi Mei yanatosha kuliharibu pipa jipya kabisa. Ndiyo maana pipa hulazwa ubavu, vifuniko vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto kimoja kulia, ili mafuta yenyewe yavizibe kwa ndani. Dumu lililojaa nusu nalo lina lake: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, usiku kuta za ndani hutoa jasho, na jasho hilo huteremka chini likakaa. Dumu lijazwe, au liwe tupu.

Kijana nilimketisha barazani nikamwonyesha, maana jambo hili kulisikia tu hakutoshi. Nilichukua chupa ya kioo isiyo na rangi, nikatia avigasi niliyopewa na rafiki aliye bado kazini, kisha nikadondosha matone ya maji. Avigasi tunayoitumia sana, ile inayoandikwa 100LL, ina rangi ya bluu hafifu. Tone la maji lilipita katikati ya bluu ile, likatua chini, na nilipoiinamisha chupa likaanza kubingirika kama shanga kwenye sahani. Halina rangi, lakini kingo zake zinaonekana, na ukiiinua chupa kwenye mwanga unaona linavyopindisha kila kilicho nyuma yake. Nikaongeza maji mpaka yakawa tabaka. Hapo mstari kati ya maji na mafuta unaonekana hata na mtu asiye na miwani.

Kisha nikampa chupa ya pili nikamwambia aniambie kuna nini. Akaitazama, hakuona tone, hakuona mstari, akasema, "Safi, babu." Ilikuwa maji matupu. Huu ndio mtego uliowaangusha watu wazima wenye leseni: ukifungua koki chini ya tenki lenye maji mengi, unachopata ni chupa nzima ya maji, na maji peke yake yanang'aa vizuri. Kwa hiyo usitafute tone tu. Tafuta bluu, nusa, na paka kidogo kwenye vidole. Petroli hukauka upesi na kuacha ubaridi. Maji hayafanyi hivyo. Baada ya hapo nawa mikono, kwa sababu 100LL ina madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo na damu. Na kwa ajili hiyo hiyo nawasihi vijana wetu: msivute mpira kwa mdomo. Najua wengi hufanya hivyo kwenye petroli ya pikipiki. Pampu ya mkono ipo, ikosekane pampu ndege isubiri.

Baadhi ya wasomaji watasema, maji kidogo yana nini? Injini itakohoa kisha itaendelea. Hebu fikiri ndege inavyoondoka. Inawaka vizuri, kwa sababu ndani ya mabomba na kabureta bado kuna mafuta safi ya jana. Inatembea hadi mwanzo wa njia vizuri. Rubani anajaribu injini, mzunguko uko sawa. Anafungua mafuta yote, ndege inakimbia, inainua pua, na ile pua inapoinuka maji yaliyokuwa yametulia pembeni mwa tenki yanasogea kwenye tundu la kutolea. Injini inazimika ikiwa imeshaiacha ardhi na haijafika popote. Rubani hapo ana sekunde chache na mita chache. Katika kiwanja cha porini mbele yake kuna miti. Mafuta hayo ya dumu pia hurudi mjini ndani ya bawa: ndege iliyoongezewa asubuhi huko porini inatua Dar es Salaam mchana, na kesho yake inapaa na masalio yale yale juu ya mapaa ya Kipawa, Kiwalani na Vingunguti, au inavuka bahari kwenda Mafia na mgonjwa ndani.

Wala si mambo ya ndege ndogo peke yake. Tarehe 13 Aprili 2010 ndege kubwa ya Cathay Pacific, Airbus A330, ilitoka Surabaya, Indonesia, kwenda Hong Kong ikiwa na watu 322. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia katika mfumo wa mafuta wa uwanja wa Surabaya, yakaharibu filta zilizopaswa kuyazuia, na chembe laini za filta hizo zikaingia kwenye mafuta hadi kwenye injini. Zikaziba vidhibiti vya mafuta. Wakikaribia Hong Kong, injini moja ilikuwa haina nguvu na nyingine imekwama kwenye nguvu nyingi, haipungui. Marubani wale waliishusha kwa kasi ya kutisha, matairi kadhaa yakaishiwa upepo, na hakufa mtu. Nilimsimulia kijana habari hii ajue kwamba hata uwanja wenye mabomba na wahandisi, maji yakipewa upenyo hufika kwenye injini. Na yeye ana dumu tu.

Jambo lingine ni mafuta yenyewe kuwa siyo. Watanzania hatuhitaji kufundishwa uchakachuaji. Tulishaona magari yakizimika kwa mafuta ya taa, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya magari mwaka 2010. Kwenye ndege ndogo mchanganyiko huja mara nyingi bila nia mbaya. Kambi moja inapokea ndege za aina mbili, Cessna 206 inayotumia avigasi na Caravan inayotumia Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Madumu yanafanana, stoo ni moja, kijana ni mmoja. Injini ya pistoni ikipewa Jet A-1 inaweza kuwaka na hata kupaa kwa yale masalio ya avigasi, kisha mafuta yanaanza kupasuka ndani ya silinda kwa mapigo badala ya kuungua kwa utaratibu, na pistoni hutoboka. Hakuna filta inayotenganisha mafuta ya taa na petroli.

Hapo mikono na macho vinasaidia. Dumu la lita 20 la avigasi lina uzito wa kilo 14 na kidogo, bila dumu lenyewe. La Jet A-1 linakaribia 16. La maji ni 20 kamili. Aliyezoea kubeba anaitambua tofauti kabla hajafungua kifuniko. Bluu ikiwa imefifia kuliko ulivyoizoea, shuku. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache upepo ulipige: avigasi hukauka ikaondoka, lakini yenye mafuta ya taa ndani yake huacha duara la mafuta. Karatasi ya daftari inatosha.

Kuhusu kuchuja nitasema kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojidanganya. Nimeona kitambaa cha fulana kikifungwa kwenye mdomo wa faneli. Kitambaa kinazuia nzi na mawe, maji kinayaachia yote, na juu yake kinaongeza nyuzi zake. Wazee wetu kazini walitumia ngozi laini ya kuchujia, ile ambayo wenye magari huifutia vioo, na ikiwa ngozi ya kweli na imeloanishwa petroli kwanza, inazuia maji mpaka pale itakapolowa maji yenyewe. Ikishalowa, inayapitisha, na wewe huoni kilichobadilika. Za siku hizi nyingi si ngozi bali ni za kiwandani, hazizuii chochote. Kinachotakiwa ni faneli maalumu yenye wavu wa chuma laini sana uliopakwa dawa inayokataa maji. Petroli inapita, maji na uchafu vinabaki chini kwenye kikombe chake. Mimina taratibu, na ukimaliza, usiigeuze ile faneli juu ya tenki eti usipoteze kile kidogo kilichobaki. Kile kidogo ndicho ulichokuwa unakizuia. Kimwage kwenye chupa, kitazame. Ukiona maji kwenye faneli, simama: dumu hilo lisiendelee, hata kama rubani anatazama saa.

Kabla ya kumimina, kuna kusubiri. Dumu lililosafiri nyuma ya gari kwenye barabara ya vumbi limetikiswa kama dawa, maji na uchafu vyote vimo humo vinaelea. Kanuni tuliyofundishwa ni dakika 15 kwa kila sentimita 30 za kina kwa avigasi, na saa nzima kwa Jet A-1, kwa kuwa Jet A-1 ni nzito na inaachia maji polepole. Dumu la lita 20 la avigasi linataka kama dakika 20. Lita ya mwisho ibaki humo. Kwenye pipa, mpira wa pampu usifike chini kabisa, uachwe juu kama sentimita tano. Futa vumbi shingo ya dumu na mdomo wa tenki kabla hujafungua, si baada, na utumie kitambaa kisichotoa nyuzi. Mafuta yakishaingia, yaachwe tena yatulie, ndipo koki zote za chini zifunguliwe. Zote, nasema. Cessna 172 za matoleo ya R na S zina koki 13, na nimewahi kumwona rubani akifungua mbili akapanda. Baadhi ya Cessna 182 za zamani zina tenki za mpira ndani ya bawa, na mpira ukijikunja, maji hujificha nyuma ya kunjo. Hizo mabawa yake yatikiswe kwanza, kisha sampuli ichukuliwe tena.

Umeme tuli nao unaua. Petroli ikimiminika hujijengea umeme, na plastiki haiupitishi. Dumu la plastiki, faneli ya plastiki na ngozi katikati ni njia ya kutafuta cheche juu ya bawa lenye mvuke wa petroli. Faneli iwe ya chuma au ya aina inayopitisha umeme, iguse mdomo wa tenki muda wote wa kumimina, dumu la chuma liguse faneli, na waya wenye vibanio uunganishe dumu na ndege kabla kifuniko hakijafunguliwa. Usijaze madumu yakiwa juu ya pikapu. Yashushwe chini, ardhini. Huko Dodoma na Ruaha wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na upepo wa vumbi unavuma, waya huo usikosekane hata siku moja.

Naijua sauti ya mwenye ndege akisoma haya: fundi anataka kuniongezea gharama. Faneli ya chujio, waya na madumu mawili ya chuma havifiki bei ya silinda moja ya injini, na mimi nimefungua injini za kutosha kujua. Kuna wakati ililetwa ndege karakanani, mwenyewe akilalamika kuhusu plagi. Plagi hazikuwa na neno. Bakuli la kabureta lilikuwa na tope jekundu, vumbi la kiwanja lililokutana na maji, na katikati ya tope kipande kidogo cha plastiki ya njano, kilichokatika kwenye mdomo wa dumu. Nilikiweka juu ya meza mbele yake. Ndege ile ilikuwa imebeba familia siku mbili kabla.

Lakini vifaa bila ruhusa havisaidii. Yule kijana, akiwa na kila kifaa, rubani akishuka na kumwambia, "Fanya haraka, wageni wanasubiri," atafanyaje? Yeye ni kibarua, rubani ni bosi kwa macho yake. Namwomba kila mwenye kambi na kila mwenye ndege amwambie mjazaji wake kwa kinywa chake, mbele ya rubani: ukiona maji, ukiona rangi siyo, una haki ya kukataa, na hutafukuzwa. Marubani nao wasikae kivulini wakinywa soda. Sheria za anga zinamweka rubani kuwa mwenye dhamana ya ndege yake. Asimame pale, ashike chupa mwenyewe. Na wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wanapofika kwenye viwanja hivyo, naomba waulize stoo ya madumu iko wapi, waingie, waulize kila dumu linabeba nini.

Kijana ameondoka na ile chupa yangu ya kioo, na nimemwandikia mambo haya kwenye daftari. Wapo wengine kama yeye, na siwezi kuwafikia wote kutoka barazani kwangu. Mwenye kambi au mwenye ndege aliye na wajazaji mafuta, ndani ya Dar es Salaam au nje, akinitumia nauli nitakwenda kuwafundisha, na wakiwa hapa mjini waje Ukonga Jumamosi yoyote baada ya saa nne asubuhi. Sitaki malipo. Waje na faneli na dumu wanavyovitumia sasa hivi, jinsi vilivyo, bila kuvisafisha. Jina langu na namba ya simu nimekuachia wewe, Mhariri, na una ruhusa yangu kumpa atakayeuliza.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi mstaafu wa ndege,
Ukonga, Dar es Salaam